Bendera Ndani ya Baa: Mjane, Mwandishi na Ghasia za Ukumbi wa Abbey, 1926

Usiku wa Alhamisi, tarehe 11 Februari 1926, onyesho la nne la tamthilia mpya ya Sean O'Casey iitwayo The Plough and the Stars lilivurugwa katika ukumbi wa Abbey jijini Dublin. Watazamaji walipiga kelele na kuimba, baadhi yao wakapanda jukwaani, na mwigizaji Barry Fitzgerald akamwangusha mmoja wao kwa ngumi. Polisi waliitwa. Mshairi William Butler Yeats, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa ukumbi huo na pia seneta wa taifa lile changa la Ayalandi, alisimama mbele ya hadhira na kuiambia kwamba ilikuwa imejiaibisha tena. Neno "tena" liliwakumbusha ghasia za mwaka 1907, wakati tamthilia ya J. M. Synge ilipozomewa katika ukumbi uleule. Zogo lilikuwa kubwa mno hata wachache tu wakamsikia, lakini Yeats alikuwa amekwisha kuipeleka hotuba yake katika ofisi ya gazeti, na kesho yake wasomaji walisoma maneno ambayo watu waliokuwa ukumbini hawakuweza kuyasikia.

Kwa sababu hiyo, kisa hiki kimesimuliwa kwa miaka mingi jinsi Yeats alivyotaka kisimuliwe: upande mmoja kuna sanaa, upande wa pili kuna umati usioielewa. Mimi siukubali usimulizi huo, kwa kuwa mtu aliyeongoza upinzani ule hakuwa mjinga wala hakuwa mgeni wa mawazo. Hanna Sheehy-Skeffington alikuwa mwalimu na mwandishi, mmoja wa waanzilishi wa chama cha kudai haki ya wanawake kupiga kura mwaka 1908, na mjane wa Francis Sheehy-Skeffington, mpenda amani aliyepigwa risasi na askari wa Uingereza wakati wa Uasi wa Pasaka wa mwaka 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, bila ya kufikishwa mahakamani. Jambo linalonifanya nikirudie kisa hiki ni kwamba O'Casey naye alikuwa akimwomboleza Francis huyohuyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1919 kuhusu historia ya Jeshi la Raia la Ayalandi, aliandika kwamba shahidi wa kwanza wa ujamaa wa Ayalandi alikuwa Sheehy-Skeffington, wala si James Connolly, kiongozi wa jeshi hilo. Mwandishi na mjane, basi, walikuwa wakilia msiba mmoja, nao ndio waliokabiliana mwaka 1926 mbele ya taifa zima.

Ili kuelewa walichogombania, ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia kazi maelfu ya wafanyakazi waliokataa kuiacha chama chao cha wafanyakazi. Jiji lilikuwa na majumba ya zamani ya matajiri yaliyogeuzwa kuwa nyumba za wapangaji, na uchunguzi rasmi wa wakati huo ulikuta karibu familia 20,000 ambazo kila moja iliishi katika chumba kimoja tu. Mwezi Septemba mwaka huo nyumba za namna hiyo ziliporomoka katika mtaa wa Church Street na kuua watu saba. Jeshi la Raia lilizaliwa katika mgogoro huo, kwanza kwa kuwalinda wagomaji dhidi ya virungu vya polisi. Bendera yake ilichorwa plau ya kulimia ikiwa na nyota juu yake, na jina la tamthilia limetoka hapo. O'Casey, kibarua wa reli aliyezaliwa mwaka 1880 katika familia ya Kiprotestanti iliyofukarika, alikuwa katibu wa jeshi hilo mwaka 1914. Alijiuzulu mwaka huohuo alipoona viongozi wakikaribiana mno na Wanamgambo wa Kujitolea, ambao shabaha yao ilikuwa taifa huru na si hali ya mfanyakazi. Kwa maoni yake, Connolly aliiacha njia nyembamba ya ujamaa akaingia katika barabara kuu ya utaifa.

Connolly alikwenda na barabara hiyo hadi mwisho wake. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, majeshi hayo mawili yaliteka Posta Kuu na majengo mengine ya jiji, na Patrick Pearse akasoma tangazo la Jamhuri. Jumamosi yake walisalimu amri. Watu karibu 500 walikuwa wamekufa, zaidi ya nusu yao wakiwa raia wasio na silaha. Viongozi walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine mwezi wa Mei, na Connolly, ambaye majeraha yake hayakumruhusu kusimama, aliuawa akiwa ameketishwa kitini. Mauaji hayo ndiyo yaliyogeuza mioyo ya watu wengi waliokuwa wakiwalaani waasi. Miaka kumi baadaye, baada ya vita vya kumtoa Mwingereza na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, wafu wa Pasaka walikuwa karibu kitu pekee ambacho pande zote zilikiheshimu.

Hapo ndipo O'Casey alipoingia na tamthilia yake ya matendo manne, akaiweka ndani ya nyumba ya wapangaji.

Tendo la kwanza linatukia mwezi Novemba 1915. Nora Clitheroe, mke kijana, anajaribu kuwa na makao yenye heshima katika jumba hilo lililochakaa, na amefikia hatua ya kuweka kitasa kipya mlangoni, jambo linalowaudhi majirani wanaoona kwamba anajitenga nao. Mumewe Jack, fundi wa ujenzi, ameacha kuhudhuria Jeshi la Raia. Anadai amefanya hivyo kwa ajili ya mkewe, ingawa majirani wanasema kwamba alinuna baada ya kukosa cheo cha ukapteni. Kisha Kapteni Brennan anabisha hodi na kumwita "Kamanda Clitheroe", na Jack anagundua kwamba barua ya uteuzi wake ilifika siku nyingi zilizopita na Nora akaichoma. Anamwacha Nora akilia na kwenda zake mkutanoni. O'Casey hakumpunguzia Jack hata chembe: anaondoka kwa ajili ya nchi, lakini pia anaondoka kwa ajili ya cheo, na mwandishi anatuachia mambo hayo mawili yakiwa yameshikamana kama yanavyoshikamana ndani ya watu wengi.

Tendo la pili ndilo lililowasha moto. Tuko ndani ya baa. Rosie Redmond, kahaba, analalamika kwamba mkutano ulio nje umeharibu biashara yake, kwa kuwa wanaume wote wamejawa na mawazo matakatifu. Dirishani kinaonekana kivuli cha msemaji ambaye jina lake halitajwi, naye anatamka maneno yaliyochukuliwa katika hotuba na maandishi ya Pearse mwenyewe: kwamba umwagaji wa damu hutakasa, na kwamba taifa linaloona damu kuwa jambo la kutisha kuliko yote limepoteza uanaume wake. Kila baada ya maneno hayo watu wanaingia kunywa, kubishana na kutukanana. Bessie Burgess, muuza matunda wa Kiprotestanti ambaye mwanawe yuko katika jeshi la Uingereza kwenye vita vya Ulaya, anawasuta majirani Wakatoliki. Kijana aitwaye Covey, ambaye kichwa chake kimejaa vitabu vya ujamaa, anamhutubia Rosie juu ya njia za uzalishaji mali, asione kwamba aliye mbele yake ni mfanyakazi asiye na chakula cha usiku.

Kisha Jack, Brennan na Luteni Langon wanaingia baa wakiwa na sare zao, wamebeba bendera mbili: ile ya plau na nyota, na ile ya rangi tatu, bendera ya Jamhuri. Macho yao yanang'aa kwa hotuba waliyoisikia. Langon anasema Ayalandi ni kubwa kuliko mama. Jack anasema Ayalandi ni kubwa kuliko mke. Wanainua glasi na kunywa kwa ajili ya kifungo, majeraha na kifo. Jack ndiye anayelitaja neno kifo.

Naomba msomaji afikirie walivyohisi waliokuwa ukumbini. Bendera ya rangi tatu ilikuwa imefunika majeneza ya watu waliowajua kwa majina. Wengine walikuwa mama, wake na dada wa waliouawa. Sasa wanaiona bendera hiyo ikiingizwa mahali pa pombe, mahali ambapo kahaba anatafuta mteja, huku maneno ya Pearse yakipitishwa katikati ya ugomvi wa walevi. Mtu anaweza kusema kwamba walikosa ustahimilivu. Lakini hawezi kusema kwamba walikosea kuhisi kuwa kuna kitu kilichokuwa kikihukumiwa pale jukwaani.

Ndani ya ukumbi wenyewe ubishi ulikuwa umeanza kabla ya pazia kufunguliwa. Mwaka 1925 serikali ilianza kuupa Abbey ruzuku ya pauni 850, na pamoja nayo ikamteua mchumi George O'Brien kuiwakilisha katika bodi. O'Brien aliposoma mswada alimpinga Rosie pamoja na lugha ya sehemu kadhaa. Yeats alikataa kuondoa chochote kwa sababu zisizohusu sanaa ya jukwaa, na mkurugenzi mwenzake Lady Gregory akasema kwamba wakilazimika kuchagua kati ya ruzuku na uhuru wao, watachagua uhuru. Hata hivyo, wimbo wa Rosie wa kufunga tendo la pili uliondolewa. Mwigizaji Eileen Crowe alikataa kutamka baadhi ya maneno, na nafasi yake ikachukuliwa na mwenzake. Usiku wa ghasia F. J. McCormick, aliyecheza kama Jack, aliwaomba watazamaji wawatofautishe waigizaji na tamthilia wanayoiigiza. Kwa hiyo si kweli kwamba ukumbi wote ulisimama kama ukuta nyuma ya mwandishi.

Ruzuku hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Hanna alikuwa upande wa wajamhuri walioukataa mkataba wa mwaka 1921 na Uingereza, na kwake Abbey ilikuwa imekuwa nyumba inayolishwa na serikali iliyowaua na kuwafunga wenzake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipoandika gazetini baada ya ghasia, alifafanua kwamba upinzani wao haukuwalenga waigizaji, wala haukuhusu maadili ya tamthilia. Ulikuwa upinzani wa kitaifa tu: ukumbi unaojiita wa taifa ulikuwa umewadhihaki wanaume na wanawake wa wiki ya Pasaka. Usiku wenyewe alipokuwa akitoka alijitambulisha kwa watazamaji kuwa mmoja wa wajane wa wiki hiyo, akawaambia si ajabu kwamba hawawakumbuki waliokufa, kwa kuwa hawakupigana upande wowote.

O'Casey alijibu kwa ukali. Aliuliza ni nani anayekumbukwa na ni nani aliyesahauliwa, akasema kwamba baadhi ya waliopigana hawapati hata kazi. Aliikataa picha ya waasi wasiojua hofu. Kuhusu bendera, alisema ameiona ikipepea katika mitaa michafu kabisa ya Dublin, maana watu wa mitaa hiyo nao ni sehemu ya taifa. Tarehe 1 Machi 1926 wawili hao walikutana ana kwa ana katika mdahalo wa hadhara. O'Casey, ambaye macho yake yalikuwa yakimsumbua tangu utotoni, alianza kusema, akazidiwa, akaketi, kisha akainuka tena. Alisema kwamba hajaribu wala hatajaribu kuandika juu ya mashujaa, kwa kuwa anaweza kuandika tu juu ya maisha anayoyajua na watu anaowajua.

Jibu hilo ni la kweli, na papo hapo linafichua udhaifu wa tamthilia. Katika matendo yote manne hakuna mwasi hata mmoja anayeeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu angeweza kuamua kushika bunduki mwaka 1916. Tuna Jack mwenye kiu ya cheo, Brennan mwenye maneno makavu, na kivuli dirishani. Connolly, aliyeutafakari uhusiano wa mfanyakazi na taifa kwa miaka mingi, haonekani jukwaani, wala fikra zake hazisikiki. Hoja ya ujamaa amepewa Covey, anayeirudia kama kasuku na kisha kurudi nyumbani na gunia la unga na paja la nguruwe alivyopora. Hanna alipolalamika kwamba watu wake hawakutendewa haki, alikuwa na hoja. O'Casey aliwajua watu waliofikiri. Alikuwa katibu wao. Aliamua kuwaacha nje, na sababu yake, nadhani, ilikuwa ule ugomvi wa mwaka 1914 ambao hakuwahi kuumaliza moyoni mwake.

Lakini tendo la tatu na la nne yana uzito ambao hoja ya Hanna haiwezi kuuondoa. Uasi umeanza. Nora, akiwa mjamzito, amezunguka usiku kucha katika vizuizi vya barabarani akimtafuta mumewe, naye anarudi na habari ambayo hakuna hotuba iliyoitaja: ameiona hofu machoni mwa wapiganaji, nao wanaogopa kusema kwamba wanaogopa. Jack anapita akiwa na Langon aliyejeruhiwa. Nora anamng'ang'ania, Brennan anamdhihaki Jack kwa kushikwa na mke mbele ya watu, na Jack anamsukuma. Nora anaanguka na uchungu wa uzazi unamshika kabla ya wakati. Wakati huo majirani wamekwenda kupora maduka. Bessie na jirani yake Bi Gogan, ambao kule baa walitaka kung'oana nywele, wanasukuma pamoja kigari cha mtoto kilichojaa vitu vya wizi. Wapo waliouona uporaji huo kuwa matusi. Mimi ninauona kuwa sehemu ya mashtaka ya O'Casey: jamhuri ilitangazwa kwa jina la watu ambao hawakuwa na viatu, na mlango wa duka la viatu ulipovunjika waliingia.

Tendo la mwisho liko katika chumba cha Bessie darini. Ndani ya jeneza moja wamelazwa Mollser, binti wa Bi Gogan aliyekufa kwa kifua kikuu, na mtoto wa Nora aliyezaliwa mfu, huku wanaume wakicheza karata kando yake kwa sababu hawana pengine pa kukaa. Mollser hakuuawa na risasi. Brennan, ambaye amevua sare na kuvaa nguo za kiraia, analeta habari kwamba Jack amekufa katika hoteli iliyoteketea, kifo kilekile alichokinywea baa. Askari wa Uingereza wanakuja kuwakusanya wanaume. Covey anamweleza mmoja wao kwamba watu wengi zaidi wanakufa kwa kifua kikuu kuliko wanaokufa vitani, na askari huyo anajibu kwamba yeye pia ni mjamaa, lakini lazima atimize wajibu wake. Katika maneno hayo machache kuna msiba mzima wa Ulaya ya wakati ule, kwa maana wajamaa wa nchi zote walikuwa wakitimiza wajibu wao kwa kuuana.

Nora amerukwa na akili na anakwenda dirishani. Bessie anamvuta ili kumwokoa, na askari walioko chini, wakidhani wamemwona mdunguzi, wanampiga risasi. Anakufa akimlaani Nora kwa uchungu, kisha akiimba wimbo wa dini. Askari wanakaa kunywa chai aliyoitayarisha Nora, nje jiji likiungua.

Hapa ndipo ninapomrudia Francis Sheehy-Skeffington. Siku ya kwanza ya uasi, risasi zikirindima karibu na Kasri la Dublin, alikwenda bila silaha kumsaidia afisa wa Kiingereza aliyekuwa akivuja damu barabarani, adui wa marafiki zake wengi. Kesho yake alizunguka mjini akiwaita raia wajitokeze kuzuia uporaji. Jioni alikamatwa akielekea nyumbani, na asubuhi ya tarehe 26 Aprili Kapteni Bowen-Colthurst akaamuru yeye na waandishi wa habari wawili wapigwe risasi katika kambi ya Portobello. Baadaye kapteni huyo alihukumiwa kuwa na hatia lakini mwenye wazimu, na Hanna, aliyekuwa amepeleka chakula kwa waasi wiki hiyohiyo, akakataa fidia ya pauni 10,000 na kudai ukweli.

Katika tamthilia, mtu anayetoka mikono mitupu chini ya risasi ili kumwitia daktari jirani asiyempenda ni Bessie Burgess, yule anayeimba nyimbo za kuisifu Uingereza dirishani na kuwatukana wote wanaopita. Fluther Good, seremala mlevi, ndiye aliyetangulia kutoka usiku kumtafuta Nora katikati ya mapigano. Sijui njia nyingine ya kuyasoma matendo hayo mawili isipokuwa kwamba O'Casey, aliyemwita Francis shahidi wa kwanza, aliuweka moyo wa Francis katika mikono ya watu ambao hawakustahili sifa kwa kipimo cha upande wowote. Alimnyima Jack moyo huo, na Covey pia. Na kwa kumpa mwanamke wa upande wa mfalme, aliifanya zawadi hiyo iwe ngumu sana kupokelewa na mjane aliyeketi mbele yake, ambaye mumewe aliuawa na jeshi la mfalme huyohuyo.

Tamthilia iliendelea hadi mwisho wa juma, polisi wakiwa ukumbini. Siku chache baada ya mdahalo, O'Casey alivuka bahari kwenda London, ambako tamthilia yake iliyotangulia ilikuwa ikionyeshwa, na makazi yake yakawa Uingereza hadi alipofariki mwaka 1964. Hanna alibaki Dublin, akiandika na kuhutubia, hadi alipofariki mwaka 1946.